Damu ya Watoto Wetu Ilikwenda Wapi?

Juma lililopita niliandikiwa barua na msikilizaji mmoja, mama wa watoto wanne anayeishi hapa mjini. Barua yenyewe ni ya karatasi mbili, na sehemu kubwa ni salamu na pongezi ambazo sitazirudia. Lakini mwishoni kabisa ameuliza jambo moja. Anasema alipokuwa msichana mdogo kijijini kwao walifika watu wenye makoti meupe. Wakawapanga watoto mstari chini ya mwembe, wakawatoboa vidole, wakaipaka damu kwenye vipande vya vioo, wakawagawia peremende, kisha wakapanda gari wakaenda zao. Hawakuonekana tena. "Sasa nakuuliza wewe unayependa mambo ya kale," ameandika mama huyo, "ile damu ya watoto wetu ilikwenda wapi?"

Kwanza nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana hilo ni swali halali kabisa, na wanaolicheka hawaijui historia.

Tukumbuke kwamba Robert Koch, yule bingwa wa Kijerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alifika katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, kutafuta dawa ya malale. Mwaka 1906 na 1907 aliwachoma wagonjwa dawa iliyoitwa atoksili, ambayo ndani yake mna sumu ya aseniki. Alipoona haitoshi, akaongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Siku zile mtawala hakuzoea kumwomba mtawaliwa ridhaa. Mtu aliyesikia habari kama hizo kutoka kwa babu yake, akimwona mgeni ameshika sindano, ana haki ya kumuuliza anatafuta nini.

Lakini mimi ninayo sababu nyingine ya kulichukulia swali hili kwa uzito, nayo sijapata kuieleza katika mazungumzo haya. Mwaka 1962, nikiwa na umri wa miaka tisa kijijini kwetu kando ya mto Rufiji, mdogo wangu wa kiume alishikwa na homa. Ilikuwa siku ya Jumatatu, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa wakati wa masika kila mtoto alikuwa na homa. Jumatano usiku akaanza kukakamaa. Macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Wazee wakasema ni degedege. Baba alitaka kumbeba kwa baiskeli hadi zahanati, lakini bibi akakataa kata kata. Ilijulikana na kila mtu kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa pale pale. Akafukizwa moshi wa mavi ya tembo, akapakwa dawa ya majani. Alfajiri akakata roho, na kabla ya adhuhuri tukawa tumemzika. Alikuwa na miaka mitatu.

Kwa hiyo, mama yangu, ninaposoma swali lako nasoma na langu. Wewe huijui damu ya mdogo wako ilikokwenda. Mimi naijua ya mdogo wangu: haikwenda popote. Hakuna aliyemtoboa kidole, na hakuna aliyeliandika jina lake katika daftari lolote, si la kuzaliwa wala la kufa.

Ili nikujibu sawasawa, naomba tufunge safari hadi Ifakara.

Ifakara ni mji wa mkoa wa Morogoro, katika bonde la Kilombero, na maji ya Kilombero ndiyo hayo hayo yanayoteremka kuwa Rufiji ya kwetu. Ni bonde la mpunga na mvua, na mbu wamelipenda kama walivyolipenda wakulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwatega mbu katika nyumba za kijiji cha Namawala, wakawahesabu na kuwapima mmoja mmoja. Wakakuta kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kiasi cha mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku alipolala, alichomwa sindano ya ugonjwa.

Mwaka 1949 alifika katika bonde hilo mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, jina lake Rudolf Geigy. Ukoo wake ndio uliotoa jina la kiwanda cha Geigy cha huko Basel, ambamo mwaka 1939 mkemia Paul Müller aligundua kuwa DDT inaua wadudu. Huyu Rudolf lakini hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa akiongoza taasisi ya Uswisi inayochunguza magonjwa ya nchi za joto, na alichokuwa akikitafuta kwetu ni wadudu wenyewe. Aliwafuata papasi, wale wanaojificha katika nyufa na vumbi la nyumba za udongo, akachunguza jinsi wanavyobeba ile homa inayopoa na kurudi, ikapoa na kurudi. Mwaka 1957 akafungua maabara ndogo hapo Ifakara, jirani na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa na wamisionari.

Hilo neno "jirani" ndilo ninalotaka mlishike, wasikilizaji wangu, kwa sababu historia yote ya mahali hapo imo ndani yake.

Duniani kuna wataalamu wa aina mbili ambao aghalabu hawaonani. Mmoja hushinda maabarani na hadubini yake. Anamjua mbu, anakijua kimelea, anajua kinavyoingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Lakini anaweza kumaliza miaka yake yote kazini bila kumshika mkono mgonjwa mmoja. Wa pili ni daktari wa wodini. Huyu anamjua mgonjwa, anaijua homa, anajua uso wa mama aliyekesha. Lakini akitoka kazini amechoka, hana nafasi ya kuuliza kwa nini mtoto wa nyumba hii amezidiwa na wa nyumba ya pili amepona. Wa kwanza ana majibu yasiyo na mgonjwa, na wa pili ana wagonjwa wasio na majibu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Pale Ifakara vidole viwili viliwekwa katika eneo moja, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Swali lililozuka wodini asubuhi liliweza kufika maabarani kabla ya adhuhuri.

Haikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na tusidanganyane. Miaka ya mwanzo maswali yalitoka Basel na majibu yalirudi Basel. Lakini mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa hapo kituo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini, kwa fedha za wakfu mmoja wa Basel. Kuanzia hapo vijana wetu wakawa wanasoma mahali ambapo mbu anapasuliwa na mgonjwa anatibiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya Mswisi mwingine, Marcel Tanner, watafiti walikwenda katika kijiji cha Kikwawila na kuwafuatilia watoto mwaka hata mwaka, badala ya kuja siku moja na kutoweka. Mwaka 1991 ile maabara ya Waswisi ikawa Kituo cha Ifakara, kikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 1996 kikasimama kama shirika la Kitanzania. Leo kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, na walioiongoza tangu wakati huo ni Watanzania: Andrew Kitua, Hassan Mshinda, Salim Abdulla, Honorati Masanja.

Mimi nilifika Ifakara kwa mara ya kwanza mwaka 1995, kwa treni ya TAZARA, nikiwa mwandishi wa habari. Nililala nyumba ya wageni iliyokuwa na chandarua chenye matundu ya kupitisha ngumi, na asubuhi nilikuwa na alama mwili mzima. Nilipelekwa kwanza wodi ya watoto. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wake aliyekuwa mweupe viganja na ndani ya kope kwa upungufu wa damu. Malaria ilikuwa imemla chembe zake. Kisha nikapelekwa maabarani, nikamkuta kijana ameinamia hadubini, mbele yake vioo vimepangwa kama karata. Nikamuuliza kama hachoki. Akasema kuchoka anachoka, lakini kila kioo husomwa na watu wawili, na hakuna kati yao anayejua mwenzake ameona nini, wala damu ni ya mtoto gani. "Sasa mzee," akaniambia, ingawa sikuwa mzee wakati ule, "nikikosea mimi hapa, daktari naye anakosea kule." Nimewasikiliza maprofesa wengi tangu siku hiyo, na sijasikia aliyelieleza jambo hili kwa maneno machache zaidi.

Wakati huo Ifakara ilikuwa imejulikana duniani kwa jambo moja. Daktari wa Colombia, Manuel Elkin Patarroyo, alikuwa ametengeneza chanjo ya malaria iitwayo SPf66, na magazeti ya nchi nyingi yalikuwa yameanza kuishangilia. Lakini ilikuwa haijapimwa mahali ambapo malaria ni kali kweli kweli. Ikapimwa katika kijiji cha Idete, kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Wazazi walielezwa na kuombwa ridhaa. Kundi moja la watoto lilichomwa chanjo, na kundi la pili sindano isiyo na chanjo. Hakuna mzazi wala mganga aliyejua nani kapata ipi mpaka hesabu ilipofungwa, ili upendeleo usiingie. Majibu yakatolewa mwaka 1994: chanjo ilikuwa imepunguza homa za malaria kwa asilimia 31. Nao wataalamu wenyewe wakaandika waziwazi kwamba kwa hesabu zao kinga ya kweli ingeweza kuwa karibu na sifuri, au kuzidi kidogo 50.

Kisha ikaja habari mbaya. Gambia walipima, wasione kinga ya maana. Thailand vile vile. Ifakara wenyewe wakarudia kwa watoto wachanga zaidi ya 1,000, na mwaka 1999 wakatangaza majibu: asilimia 2. Ndiyo kusema, si kitu. Chanjo ile ikafa.

Najua mtu atasema, basi hiyo ndiyo damu iliyopotea bure. Mimi nasema la hasha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Taasisi hiyo ilikuwa imepata sifa kwa ile 31. Ingeweza kukaa kimya, ikala sifa zake. Badala yake ilirudi uwanjani, ikapima tena, ikautangazia ulimwengu kwamba haifai. Hebu fikirini ingekuwaje kama watoto wa Afrika nzima wangechomwa chanjo isiyokinga, na mama zao wakaacha kuhofia homa kwa kuamini wamekwisha kingwa. Damu ya watoto wa Idete iliwaepusha na balaa hilo watoto wasiohesabika. Na waliojifunza pale jinsi ya kupima chanjo kwa uaminifu hawakuusahau ufundi huo. Nitalirudia jambo hilo mbele kidogo.

Sasa nije kwenye chandarua, kitu ambacho kila mmoja wetu anacho au alipata kuwa nacho. Mwaka 1996 Ifakara ilianza mpango wa kuviuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Viliuzwa katika maduka ya kawaida, pamoja na dawa ya kuvichovya, kwa jina la Zuia Mbu. Mpango ule ulienea polepole hadi kuwafikia watu karibu 480,000. Lakini kuuza chandarua si sayansi, hata mwenye duka anaweza. Sayansi ilikuwa katika kuhesabu. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne. Waliandika nani amezaliwa, nani amehamia, nani ana mimba, nani amefariki. Walipokuta msiba wa mtoto walitoa pole, na baadaye wakauliza kwa adabu: aliumwa siku ngapi, alikuwa na homa, alikakamaa, alipelekwa wapi? Mwaka 2001 majibu yakatoka. Miongoni mwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kutumia chandarua chenye dawa kulikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 27 katika kuishi.

Asilimia ni neno la ofisini. Tafsiri yake kijijini ni makaburi madogo ambayo hayakuchimbwa. Mwaka 2004 serikali ikaanzisha hati punguzo kwa ajili ya akina mama wajawazito nchini, na wengi wenu mnaonisikiliza mlilala chini ya vyandarua hivyo bila kujua kwamba hoja yake ilijengwa Kilombero.

Lipo jambo jingine lililojifunzwa kwa njia hiyo ya kuuliza, nalo hadubini peke yake isingelijua kamwe. Watafiti waliokwenda kuzungumza na akina mama miaka ya 1990, Bagamoyo na Kilombero, waligundua kwamba mama anaposema malaria, anakusudia homa ya kawaida ya kupelekwa zahanati. Na anaposema degedege, anakusudia kitu kingine kabisa, cha shetani au cha ndege apitaye usiku, cha kupelekwa kwa mganga. Daktari alipohubiri kuwa malaria inaua, mama alimsikia na kumkubali. Lakini usiku mtoto alipokakamaa, hakuiona kuwa ndiyo ile malaria aliyohubiriwa. Ilibidi kwanza wataalamu waijue lugha ya mama, ndipo waweze kumwambia kwa maneno yake mwenyewe: degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, mkimbize hospitali. Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza niliiweka karatasi chini. Kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa nimemlaumu bibi yangu moyoni. Kumbe hakuwa mkaidi. Alifanya alilolijua, na hakuna mwenye elimu aliyekuwa ameketi naye kitako kumuuliza anajua nini.

Turudi Ifakara. Mwaka huo huo wa 2001 yalitoka majibu ya utafiti mwingine, uliofanywa kwa watoto wachanga 701 waliokuwa wakiletwa kliniki kwa chanjo zao za kawaida. Wazo lilikuwa rahisi. Kwa kuwa mama anamleta mtoto hata hivyo, kwa nini siku hiyo asipewe pia dawa ya malaria kabla hajaugua? Nusu yao walipewa. Katika mwaka wao wa kwanza, homa za malaria zilipungua kwa asilimia 59, na upungufu mkubwa wa damu ukapungua kwa nusu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza utaratibu huo, ingawa usugu wa vimelea kwa dawa ile katika upande wetu huu wa Afrika umeipunguza faida yake. Mtaona jinsi vidole viwili vinavyovunja chawa: aliyejua maisha ya kimelea na aliyejua siku za kliniki walikutana.

Na ile habari ya chanjo niliyoahidi kuirudia ni hii. Ifakara ilifungua tawi Bagamoyo, na Mei 2009 watoto wa kwanza wakachanjwa hapo katika jaribio kubwa la chanjo nyingine, RTS,S. Jaribio hilo liliwahusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe nayo ikiwamo. Kwa watoto waliopata dozi zote nne kuanzia umri wa miezi mitano hadi 17, mara walizougua malaria zilipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, chanjo ya kwanza ya malaria katika historia ya binadamu. Oktoba 2023 ikafuata ya pili, R21, nayo Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo vitano vilivyoipima. Tangu majibu ya Idete hadi siku ile ya 2021 ilipita miaka 27. Mtoto aliyechomwa sindano Idete alikuwa amekwisha kuwa mzazi.

Basi, mama yangu, nikujibu. Damu ya watoto wa Idete, Namawala, Kikwawila na Bagamoyo ilikwenda kwenye kioo, kioo kikaenda kwenye hadubini, hadubini ikatoa hesabu, na hesabu ikarudi kwetu kama chandarua, kama kidonge na kama chanjo. Haikurudi upesi, wala haikurudi ikiwa na jina la mtoto aliyeitoa. Lakini ilirudi.

Ama damu ya mdogo wako, hiyo siwezi kuitetea. Waliokuja kijijini kwenu wakatoboa vidole, wakagawa peremende na kutoweka walikukosea. Mtu akichukua kitu chako ana wajibu wa kurudi kukueleza amekifanyia nini, hata kama jibu ni kwamba hakuona kitu. Tofauti ya mtafiti na mwizi wa kuku si koti jeupe. Mtafiti hurudi na majibu, mchana, kwa njia ile ile aliyojia. Ndiyo maana nasema kituo kinachokaa mahali pamoja miaka 60 na zaidi ni bora kuliko misafara kumi yenye magari mapya. Anayekaa huonwa na watu, huulizwa sokoni, huaibika akidanganya.

Lakini zipo lawama za kutugawia na sisi. Nani analipa? Kwa sehemu kubwa utafiti wa namna hii barani Afrika umelipiwa na Waswisi, Waingereza, Wamarekani na matajiri wa ng'ambo. Tunawashukuru. Lakini mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya afya ikafungwa katika nchi nyingi za Afrika kwa muda wa majuma machache, na watumishi wakarudi nyumbani. Ndipo tukaikumbuka methali tuliyoisoma darasani: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Anayetoa fedha ndiye anayechagua swali. Geigy alichagua papasi kwa sababu papasi walimvutia yeye. Bahati yetu ni kwamba waliokuja baadaye walichagua degedege. Hatuwezi kuendelea kuishi kwa bahati.

Na maswali hayajaisha. Mbu amebadilika. Katika vijiji vya Kilombero sasa, zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi yanaletwa na aina moja iitwayo funestus, ambaye si mwingi kuliko wengine lakini ndiye hatari kuliko wote. Anazaliana katika vijito na mabwawa yenye majani yasiyokauka hata kiangazi, na amekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka za vyandarua. Hayo yamegunduliwa na vijana wanaofanya kazi Ifakara, na yanatuambia mahali pa kumpiga. Lakini ugunduzi bila fedha ya kuufanyia kazi ni kama dawa iliyofungiwa kabatini.

Nami nasema hivi: kabla hatujauliza damu yetu ilikwenda wapi, na tuulize pia shilingi yetu ilikwenda wapi. Tunachanga kwa ajili ya harusi, tunachanga kwa ajili ya mpira, na si vibaya. Bajeti ya taifa nayo isishindwe kuchangia swali moja letu wenyewe, tulilolichagua sisi, litakalojibiwa na watoto wetu wenye hadubini, jirani na wodi ambamo mama amempakata mtoto.

Kaburi la mdogo wangu lilichukuliwa na mafuriko ya Rufiji miaka mingi iliyopita, na leo siwezi kukuonyesha lilipokuwa. Lakini kule Kilombero, mtoto akifariki usiku huu, yupo mtu atakayekuja kupiga hodi, atoe pole, aketi mkekani, aulize aliumwa nini, na aandike. Mwaka 1962 sisi hatukupigiwa hodi na mtu yeyote.